Betri Niliyoianika Juani

Nilimwambia kila mtu hapa Kibiti kwamba kamera ni za wezi. Jirani yangu Sijaona akacheka.

"Mzee Mwinyimvua, watakuibia nini? Kamusi?"

"Kamusi ni mali," nikamjibu. "Wewe chunga kuku wako."

Ukweli ulikuwa ndani ya nyumba. Mke wangu, Mwanahalima, alikuwa ameanza kusahau. Mambo ya zamani hakuyasahau. Aliweza kukutajia kila nyumba iliyokuwapo Mohoro alipokuwa msichana. Alichosahau ni asubuhi ya leo, na kwamba tuliondoka Mohoro miaka thelathini iliyopita. Siku moja nilimkuta standi, ameketi ndani ya basi la Lindi, kikapu mapajani, akimsihi kondakta amshushe njia ya Mohoro aende kwa mama yake.

Binti yetu Hafidha, anayefanya kazi Dar es Salaam, alipopata habari alileta kamera mbili, mashine ya kunasia picha na runinga ndogo. Kamera zote zikafungwa mbele ya nyumba, moja ielekee mlango, nyingine barabara.

"Baba, ukitoka msikitini rudisha picha nyuma. Utaona mama katoka saa ngapi na kaelekea wapi." Kisha akashusha sauti. "Lakini akipotea tena nakuja kumchukua. Atakaa kwangu."

Kwake ni ghorofa ya tatu. Mwanahalima hajapata kuishi mahali ambapo hawezi kufungua mlango akakanyaga udongo. Niliona wazi kwamba akipelekwa kule, atanisahau na mimi.

Ilikuwa ni miaka ya mgao wa umeme. Siku zetu za zamu ulikatika saa mbili asubuhi ukarudi magharibi, na kamera bila umeme ni pambo la ukutani. Nikaenda kutafuta betri kwenye duka la Muzdalifa, binti mmoja fundi, pale barabara kuu.

Nilikwenda na daftari. Mimi nilijua kusoma nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la usiku, chini ya taa ya karabai, na sikuishia hapo. Nilijifundisha hesabu mpaka nikawa karani wa mizani wa chama cha ushirika, miaka yote hadi biashara huria ilipokifunga. Wati nilikuwa nimezizidisha kwa saa, nikagawanya kwa volti.

Muzdalifa alilisoma daftari langu kwa adabu. "Shikamoo yako babu, hesabu hii ni safi. Ila umesahau runinga. Halafu betri haikamuliwi mpaka tone la mwisho. Ukitumia nusu, iache. Chukua hii ya sola."

Aliyonionyesha ilikuwa ndogo. Kando yake ilikaa betri ya lori, nyeusi, pana kama kibweta. Nikainyanyua kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo nzito."

"Ni nzito, babu, lakini kazi yake kuamsha injini. Inatoa nguvu mara moja, basi, inapumzika. Ya sola ni kama mkulima, inakwenda polepole mpaka jioni."

"Mjukuu wangu, nimepima korosho miaka kumi na minane. Kitu chepesi kina upungufu."

"Haya, mume wangu," akasema, kwa utani wa mjukuu kwa babu. "Lakini ikikusumbua usione haya kurudi."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nisirudi.

Wiki tatu betri ile ya lori ilifanya kazi vizuri. Wiki ya nne ikawa inafika adhuhuri, ya tano haikufika hata saa nne. Ningeweza kwenda kwa Muzdalifa. Badala yake nikakumbuka redio yetu ya zamani. Mawe yake yakilegea, tuliyaanika juani, na jioni taarifa ya habari ilisikika tena. Betri ni betri, nikajiambia.

Ijumaa haikuwa siku yetu ya mgao. Umeme ulikuwapo, kamera zinaona. Nikaichomoa betri, nikaiburuta hadi uani nyuma ya jiko, nikaiweka juu ya jamvi kuukuu. Sijaona, ambaye huketi na Mwanahalima nikiwa msikitini, alikuwa amekwenda mazikoni. Nikamwacha mke wangu sebuleni anachambua mchele, nikaenda kuswali.

Imamu alikuwa katikati ya hotuba kipaza sauti kilipokata. Watu waliendelea kusikiliza sauti yake tupu. Mimi sikusikia kitu tena. Rakaa mbili zile sijui nilisoma nini, Mungu anisamehe.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Ungo wa mchele ulikuwa sakafuni, runinga nyeusi. Nilimwita mara tatu, nikatoka mbio. Standi nilichungulia mabasi mawili nikauliza kila kondakta. Nikapanda njia ya mikorosho hadi shambani kwetu, nikarudi. Kanzu ilikuwa imeniganda mgongoni. Mfukoni simu ilikuwa na namba ya Hafidha, nami sikuweza kuibonyeza.

Muzdalifa aliniona napita mara ya pili. Akafunga duka.

"Babu, kuna nini?"

Nikamwambia yote, wezi na kamera na standi. Hakushangaa. Nadhani watu wote walikuwa wakijua.

"Twende tukatazame picha. Hata kama umeme umekatika, betri si ipo?"

"Haipo ndani."

"Iko wapi?"

"Nimeianika."

"Umeianika," akarudia polepole, na sitasahau kwamba hakucheka. "Wapi?"

Nikampeleka nyuma ya jiko.

Mwanahalima alikuwa ameketi kwenye kivuli chembamba cha ukuta, miguu ameinyoosha, fimbo mkononi. Kuku wa Sijaona walikuwa wanazungukazunguka mbali kidogo. Mmoja akasogelea jamvi, fimbo ikapiga chini.

"Isha! Hawana adabu kuku hawa." Akanigeukia. "Na wewe, baba Hafidha, huna haya. Unaanika kitu halafu unaondoka? Kwetu Mohoro mtoto akiacha mpunga juani anapigwa."

"Ulikuwa hapa muda wote?"

"Nilikuwa naenda nyumbani. Nikaona umeanika. Kilichoanikwa kinaachwa peke yake?"

Nikakaa chini pale kwenye jamvi. Ua mzima sikuutazama, kwa kuwa kamera zilitazama mbele na mimi nilitazama zilikotazama.

Muzdalifa aliipapasa betri ubavuni. "Imevimba, babu. Hii imekufa."

"Niletee ya mkulima," nikasema.

Alasiri ile nilimpigia Hafidha mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu. Sikuficha kitu, hata lile la kuianika.

"Mama alikaa pale kwa muda gani?"

"Tangu saa saba hadi saa tisa na nusu."

"Bila kuondoka?"

"Bila kuondoka."

Alikuja Jumamosi asubuhi. Nilimwona anateremka na begi tupu kubwa, nikajua limekuja kubeba nguo za nani. Nikamwomba asubiri mpaka jioni. Nilitandika jamvi jipya uani, nikamwaga pishi mbili za mpunga. Mwanahalima akachukua fimbo yake, akaketi. Hafidha alimtazama kutoka mlango wa jiko tangu asubuhi, kisha naye akavua viatu, akaenda kuketi ubavuni mwa mama yake. Jumapili begi lilirudi Dar es Salaam tupu.

Betri ndogo ya sola sasa inakwenda hadi magharibi na akiba inabaki. Kamera moja nimeihamisha, inatazama uani. Kila asubuhi isiyo na mvua nautandaza mpunga, ni uleule wa siku ile, umekauka zamani hata kinuni unavunjika. Jioni Mwanahalima huokota punje moja, akaitafuna kwa meno ya mbele, akatikisa kichwa.

"Bado, baba Hafidha. Una unyevu. Kesho tena."

"Kesho tena," namjibu, nakunja jamvi.