Kofi la Dakika ya Kumi na Saba

Usiku wa jana niliota, bila kuomba wala kushauriwa, kwamba nimeitwa shahidi katika kesi ya albamu za bendi ya Tanuri Saba: za zamani dhidi ya za baadaye.

Wito uliletwa na spika. Spika lenyewe, la mbao, kubwa kama kabati la vyombo, lilipiga hodi mlangoni kwangu likiwa limevaa kandambili.

"Wewe ndiye Lukoo, fundi baiskeli?"

"Ndiye."

"Kamati inakutaka."

"Kamati gani tena? Kamati za mji huu nazijua zote. Zinakunywa soda, zinaahirisha, zinaondoka."

"Hii haijanywa soda bado," spika likasema. "Ndiyo maana ina hasira."

Kwa asiyejua, Tanuri Saba ni bendi ya hapa hapa Morogoro. Wanapiga metali, magitaa yanayonguruma kama lori limekwama tope. Lakini si metali ya kunguruma tu. Wimbo unaanza kwa mapigo manne. Ukishauzoea unageuka mapigo saba. Ukigeuka nao unakuta umeshafika kumi na moja na wewe umebaki unatikisa kichwa peke yako kama kuku mgonjwa.

Albamu zao mbili za kwanza zilikuwa na nyimbo za dakika nne, na mtu alijua zinaanza wapi na zinaishia wapi. Ya tatu ikaja, *Ngazi Isiyo na Juu*, wimbo mmoja wa dakika ishirini na tatu, umerekodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda. Hapo mashabiki tukagawanyika. Mimi nikashika za zamani. Miaka kumi na moja nimesema bendi ilikufa baada ya albamu ya pili. Nimelisema kijiweni, nimelisema kwenye foleni ya maji, nimelisema nikivaa viatu nje ya msikiti.

Basi nikafunga mlango nilifuate lile spika. Kugeuka, uchochoro haupo. Kuna ngazi.

Ngazi zenyewe zinakwenda vidato saba, halafu vitano, halafu saba tena. Asiyehesabu anaanguka. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini hadi saba nafika bila taabu. Mbele yangu kuna bwana mmoja wa tai, tumbo limetangulia, anapanda moja-mbili-tatu-nne kama amekaririshwa. Anafika mahali pa tano anaporomoka hadi chini. Anapanda tena. Anaporomoka tena.

"Hesabu saba, mheshimiwa," namwambia.

"Hili suala tunalifanyia kazi," anajibu, na anaporomoka.

Juu ya ngazi ni ukumbi ule ule wa wafanyakazi wa kiwanda, ila sakafu ni ya zulia la nyumba yangu, lenye alama ya pasi aliyoisahau binti yangu Tunu. Kulia wamekaa mashabiki wa zamani. Kila mmoja ana nywele alizokuwa nazo siku aliponunua kanda ya kwanza. Najishika kichwa: afro hii hapa, na kichana cha mbao kimo ndani kinalalamika joto. Kushoto wamekaa wa albamu za baadaye. Viti vyao vina miguu saba, havitulii hata kidogo, nao wanasema huko kutotulia ndiko kwenye utamu.

Jirani yangu Kobelo, muuza mkaa, kiongozi wa upande wetu, ananivuta shati.

"Lukoo, leo tunawazika hawa. Wewe sema tu kama unavyosemaga siku zote."

"Nitasema."

"Usiongeze maneno. Wewe ukiongeza maneno unaanza kutukana serikali."

Mwenyekiti ni ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu. Amevaa koti la suti, na kwenye tumbo ana lile tundu la kuingizia maikrofoni, kwa hiyo akihema karatasi zinapeperuka. Katibu ni gitaa la nyuzi saba mwenye miwani. Kila akiulizwa kitu anaanza kwanza kujitengeneza nyuzi, na sote tunasubiri.

Kwanza wanapima. Inaletwa mizani ya sokoni. Wanaweka albamu mbili za zamani: kilo arobaini na tatu. Upande wetu tunapiga kelele. Wanaweka ile ya tatu. Mshale unakwenda hadi mwisho, unarudi, unazunguka, unasimama kwenye namba ambayo haipo.

"Toa jibu," Mwenyekiti anasema.

"Mnisamehe," mizani inasema, sauti inatetemeka. "Hii sijaielewa. Ila nahisi nitaielewa nikiisikiliza mara ya tano."

Upande wa kushoto wanalia kwa furaha. Mmoja, dada wa miwani, mwalimu wa hesabu, anakwenda kuikumbatia ile mizani. "Karibu nyumbani, shoga yangu," anaiambia.

Mwenyekiti anagonga tumbo lake.

"Sheria ni hii. Upande utakaoshindwa, kanda zake zitasafishwa. Nyimbo zitakatwa hadi dakika nne. Vituo vyote vya kimya vitazibwa. Uchafu wote utaondolewa. Kanda ikishasafishwa hapa imesafishwa kila mahali, hata iliyo kabatini kwa mtu."

Kobelo anajipiga mapaja kwa furaha. Na mimi, sioni haya kusema, nilijipiga ya kwangu.

"Aletwe uchafu namba moja," Mwenyekiti anasema.

Mlango wa pembeni unafunguka. Linaingia kofi.

Simaanishi kofi la kumpiga mtu. Ni kofi la kushangilia: viganja viwili tu, havina mtu, vimeshikana kwa adabu, vinaelea usawa wa kifua. Vinakaa kwenye benchi la washtakiwa. Vina hina iliyofifia. Kidole cha shahada cha kulia kina kovu la sindano ya cherehani.

Kovu lile nikalitambua.

Ile siku ya kurekodi albamu ya tatu nilikwenda na mke wangu, Mama Tunu. Alikuwa amevaa gauni aliloshona mwenyewe wiki nzima. Katika dakika ya kumi na saba wimbo ule unakata ghafla. Kimya. Mapigo tisa ya kimya, halafu magitaa yanarudi kama paa limeanguka. Mashabiki wa kweli wanajua: hapo humezi hata mate. Mama Tunu alidhani umekwisha. Akapiga kofi moja, kwa nguvu, na kwa moyo wake wote. Ukumbi mzima, watu mia nne, wakageuka.

Mtu wa mbele akaniuliza, "Mzee, huyu wa kwako?"

Nikasema, "Simjui." Nikasogeza kiti.

Yeye hakukasirika. Kofi likabaki kwenye albamu, na kila Jumapili akikunja nguo alikuwa anaiweka kanda, anaisubiri dakika ya kumi na saba. "Pa! Mnanisikia? Mimi nimo kwenye kanda, Baba Tunu. Wewe umo?" Mimi nasema zima takataka hiyo, bendi ilikufa.

Miaka mitatu sasa tangu afariki. Daktari alikuwa semina. Semina ya nini, mpaka leo wakubwa hawajanijibu. Picha zake ninazo tatu. Sauti yake sina, simu yake iliibiwa wodini mchana kweupe na mlinzi akasema alikuwa anaangalia upande mwingine. Kitu pekee alichobakisha hapa duniani kinachosikika ni hilo kofi, na mimi ndiye shahidi niliyeletwa kulifuta.

"Shahidi Lukoo," Katibu anasema, baada ya kujitengeneza nyuzi zote saba. "Mtazame mshtakiwa. Unamjua?"

Kobelo ananong'ona, "Sema humjui. Kitu kisicho na mwenyewe ni uchafu, kinafagiliwa. Tumeshinda."

"Na kikiwa na mwenyewe?" nauliza kwa sauti.

"Kikiwa na mwenyewe," Mwenyekiti anasema, "hakifagiliwi mpaka mwenyewe aridhie. Na kwa kuwa hakifagiliwi, wimbo haukatwi. Na kwa kuwa haukatwi, upande wenu mmeshindwa, na maneno yako ya miaka kumi na moja yatarudishwa kwako yote. Yako hapo nje kwenye magunia."

Nachungulia dirishani. Kweli. Magunia yamepangwa hadi barabarani, yanagombana yenyewe kwa yenyewe.

Kile kichana kinanisukuma utosini. Viganja vimetulia benchini. Kidole chenye kovu kinachezacheza, kama alivyokuwa anafanya akisubiri chai ichemke.

"Baba Tunu," kofi linasema, polepole, "kola yako imepinda."

Naiweka sawa. Nasema, "Namjua. Ni mke wangu."

Viti vyote vya miguu saba vinaanguka kwa pamoja.

"Lukoo!" Kobelo anapiga ukelele. "Umetuuza! Mbele ya mizani!"

"Kaa chini, Kobelo, una masizi mpaka kwenye afro."

"Kwa hiyo siku ile ukumbini ulidanganya?" Mwenyekiti anauliza.

"Nilidanganya."

"Sababu?"

Hapa nikajitetea kiume. "Viongozi wa bendi hawakutangaza kwamba wimbo haujaisha. Mwananchi wa kawaida atajuaje? Angesimama mtu mmoja tu na kusema, ndugu zangu, kimya hiki ni cha muda. Hakuna! Mambo ya nchi hii ni hayo hayo, mnakatiwa umeme hamwambiwi unarudi lini!"

Mwenyekiti anafikiri. Karatasi zinapeperuka. "Hiyo ni kweli," anasema. "Iandikwe."

Katibu anaiandika kwa mapigo kumi na moja.

"Lakini kusema hakutoshi," Mwenyekiti anaendelea. "Mtu yeyote anaweza kuokota kofi na kusema ni la mkewe. Thibitisha. Wimbo upigwe. Kimya kikifika, simama naye."

Magitaa yananguruma. Hakuna anayeyapiga, wapigaji wamekaa nyuma wanakula mahindi ya kuchoma. Ukumbi unageuka kuwa behewa la treni, halafu karakana yangu, baiskeli zimening'inia zinatikisa magurudumu kwa mapigo saba. Najikuta nimo ndani ya wimbo ule kwa mara ya kwanza. Ni mrefu. Una mahali unapita kama korido ya hospitali na mahali unapita kama Jumapili. Nachukia kusema, lakini dakika ya kumi na nne ni nzuri. Waliopaswa kunieleza mapema hawakunieleza.

Dakika ya kumi na saba. Kimya.

Moja. Mbili. Tatu. Mwalimu wa hesabu amefumba macho. Kobelo amejiziba mdomo. Nne. Tano.

Viganja vinafunguka, na mimi nafungua vyangu, na tunapiga kofi. Pa! Langu limechelewa kidogo.

Ukumbi mzima unageuka. Watu mia nne, na magunia dirishani.

Yule mtu wa mbele anageuka pia, ni yule yule, na shati ni lile lile. Analiuliza kofi, "Mama, huyu mzee wa kwako?"

Kofi linanitazama kuanzia juu ya afro hadi miguuni.

"Simjui," linasema. Na linasogea kando.

Nakwambia kimya kile kilikuwa kirefu. Yale mapigo manne yaliyobaki niliyahesabu kama siku za hukumu.

Halafu viganja vikaanza kutikisika, nikajua anacheka. Alikuwa akicheka hivyo hivyo, mabega kwanza, ila mabega hana. "Namtania," akasema. "Ni wangu. Nimngoje nani mwingine?" Na kiganja cha kulia kikaja kikaniwekea kola sawa, maana ilikuwa imepinda tena, na magitaa yakarudi kama paa limeanguka.

Hukumu ikasomwa katikati ya kelele ile. Kofi libaki. Kimya kibaki. Albamu za zamani na za baadaye ziendelee kugombana kama kawaida. Iundwe kamati ndogo. Soda ziletwe.

"Shahidi atie sahihi," Katibu akasema.

Nikachukua kalamu. Katibu akanizuia.

"Si hivyo. Sahihi yako ya ujana na ya leo hazifanani. Tukiweka moja, kesho watakuja watu na kesi nyingine, ipi ilikuwa bora. Weka dole gumba. Dole ni lile lile tangu ulipozaliwa."

Akalisukuma dole langu kwenye kibweta cha wino wa zambarau, akaligandamiza kwenye karatasi kwa nguvu za nyuzi zote saba. Nikaomba kitambaa cha kujifutia. Wakaniambia fungu la vitambaa halijafika.

Nikaamka. Kumepambazuka, jogoo wa Kobelo anawika, na Tunu ameingia na kikombe cha chai. Akasimama katikati ya chumba.

"Baba, kidole hicho umekichovya wapi? Uchaguzi si ulishapita zamani?"

Nikatazama. Dole gumba la kulia ni zambarau mpaka kwenye kiungo, na wino bado mbichi. Shuka lina alama tatu.

"Waulize wakubwa," nikamwambia. "Wanashika watu vidole, kitambaa hawana."

Akaniletea maji na sabuni. Sikunawa. Mchana nimekula ugali na mlenda kwa kijiko, kitu ambacho sijawahi kufanya tangu nizaliwe, na mkono wa kulia nimeuweka mapajani, usiguse kitu.