Alama Juu ya Jicho

Gari la hospitali lilikwisha kuiacha Murusagamba, linaruka mashimo kuelekea kambi ya macho Biharamulo, na bibi Domisiana alikuwa anajuta kulipanda. Jicho lake la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, limebaki ukungu mtupu. La kushoto lilikuwa zima. Hilo ndilo lililomlimia, likamchagulia maharage, likamfikisha kanisani.

"Hao madaktari wa chuo kikuu watakaotupasua bado wanasomea ubingwa," mzee Venance wa Bukiriro, mgonjwa mwenzake, alimnong'oneza. "Mwaka mzima wamepasua macho ya mbuzi. Wewe dada utakuwa mbuzi wao wa kwanza anayejua kusali."

"Na wewe beberu," akamjibu.

Kambini nesi alimchora alama ya kalamu juu ya jicho bovu, ili dokta asipotee. Zamu yake ilipokaribia, Domisiana alitoa kichupa cha maji ya baraka, akajipaka usoni, akasugua hasa, maana maji ya baraka hayapakwi juu juu. Alama ikafutika, naye hakujua.

"Shikamoo bibi. Mimi ni Dokta Privatus. Ukishalala usitikisike, wala usiongee."

"Marahaba, baba."

Faili lilisema kulia. Lakini Privatus alizoea kupima watu uso kwa uso, ambako kulia kwa mgonjwa ni kushoto kwake. Leo ameketi nyuma ya kichwa cha bibi, mara yake ya kwanza kupasua mtu, na akili ikageuza pasipostahili kugeuzwa. Akapaka dawa jicho moja, jingine akalifunika kwa kitambaa.

Domisiana akaiona taa. Akaona vidole vitano. Jicho bovu lisingeona vidole.

Akataka kusema. Ameambiwa asiongee. Na kwao hata mganga wa mizizi akiwa kazini hasemeshwi. Ukimsemesha dawa inaharibika, na kosa ni lako. Akaubana mdomo. Sindano ikashuka.

"Dokta, sindano naiona."

"Tulia, bibi. Kila mtu huogopa."

"Sikusema naogopa. Nimesema naiona. Ina tone kwenye ncha."

Mkono ukasimama hewani. Dokta Suzan, mwalimu wa Privatus, akasogea.

"Alama iko wapi?"

Akainua kitambaa, akalikuta jicho jingine jeupe.

"Privatus, weka sindano chini."

Domisiana alipasuliwa kesho yake na Dokta Suzan. Anaona kwa macho yote mawili. Privatus alicheleweshwa mwaka mmoja kumaliza masomo, sasa ni bingwa katika hospitali ya mkoa mwingine. Suzan bado anafundisha. Venance alipozisikia habari za sindano ile alikataa kupasuliwa, akarudi Bukiriro siku ileile. Msimu wa mvua uliofuata hakuona tena, na mwaka jana alikufa.