Chini ya Lori, Katavi

Tangu asubuhi, kilichoonekana cha Koplo Melkiadi kilikuwa miguu tu: buti mbili zilizolowa mafuta, zimetokeza chini ya lori la jeshi na ncha zake zikitazama mbinguni. Kiwiliwili chote kilikuwa kule ndani, kikipambana na giaboksi. Kando ya barabara, penye nyasi zilizoanza kuchipua baada ya mvua za kwanza za Novemba, askari thelathini wa miguu walikaa juu ya mabegi yao wakisubiri na kukejeli.

"Popo wetu bado amelala?" aliuliza Koplo Telesphor. Wenzake wakaangua kicheko.

Popo ndilo jina walilowapa mafundi wa magari, maana maisha yao waliyapitisha chali chini ya malori. Mafundi nao hawakukaa kimya. Waliwaita askari wa miguu kwato, viumbe wa kukanyaga ardhi na kuswagwa popote. Kambini majina hayo yalikuwa utani wa foleni ya chakula. Lakini mwaka huo wa 1978 vita vilikuwa vimeanza Kagera, na utani ukaingia uchungu. Kwa Telesphor, aliyekulia katika majaruba ya mpunga ya Mpimbwe, askari alikuwa yule tu atakayemwona adui kwa macho yake. Wengine wote aliwahesabu kuwa wapagazi waliovalishwa sare.

Walikuwa wakitoka Sumbawanga, na treni yao ya kwenda vitani ilikuwa iondoke Mpanda jioni ile. Klachi ilikuwa imeungulia katikati ya Hifadhi ya Katavi, kabla hawajafika Sitalike, na gari jingine halikuwapo.

Saa sita Melkiadi alichomoza, mwembamba, wa makamo, uso umejaa grisi. Alikuwa mwenyeji wa Kakese na alizungumza taratibu kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Klachi nimeshabadilisha," alimwambia Sajenti Evarist, mkuu wa msafara. "Sasa giaboksi lirudi juu. Naomba watu wawili wenye nguvu."

Sajenti akamteua Telesphor na mwenzake Apollinarie. Giaboksi lilifungwa kamba, kamba ikapitishwa katika tundu la sakafu ya kabini na kuning'inizwa kwenye mti mnene uliotokeza milango yote miwili. Kazi yao ilikuwa kuubeba mti huo mabegani, kila mmoja upande wake, huku Melkiadi akiuelekeza mzigo kwa mikono na magoti.

"Ndugu zangu," alisema akijilaza tena, "mkiuachia, chuma chote kinanijia kifuani."

"Wewe kaza nati zako," alijibu Telesphor. "Kwato hazichoki."

Giaboksi lilikuwa limebakiza vidole viwili kuketi mahali pake pale msitu uliponyamaza. Telesphor aliinua macho. Miti ya upande wa Mto Katuma ilikuwa inatembea. Ndivyo alivyoona mwanzoni. Kisha ile miti ikawa na masikio. Tembo walikuwa wanakuja barabarani, mia moja au zaidi, wakubwa kwa wadogo, wala hatua zao hazikusikika.

"Laleni!" Sajenti alinong'ona. "Mtu asifyatue risasi!"

Telesphor hakukumbuka kamwe kuamua jambo lolote. Alijikuta nyuma ya kichuguu, bunduki mkononi, moyo ukimgonga hadi kwenye meno. Apollinarie alikuwa ubavuni pake. Ndipo alipotazama lori na kuuona mti umelala juu ya sakafu ya kabini, hauna mtu.

Buti mbili zile zilikuwa palepale. Hazikutikisika. Hakukuwa na ukelele wala mguno, na Telesphor alielewa kwa nini: pale ambapo kelele moja ingewatibua tembo wakawavamia watu thelathini, mtu aliyeangukiwa na chuma kifuani alikuwa amefumba mdomo wake.

Akaiacha bunduki pale kichuguuni, jambo ambalo tangu kuapishwa hakuwahi kulifanya, akatambaa kwa tumbo hadi chini ya lori.

Melkiadi alikuwa amelikumbatia giaboksi, macho wazi, midomo imepauka. Telesphor alijipenyeza, akaingiza bega lake chini ya chuma na kusukuma. Kifua cha fundi kikapata nafasi ya kidole kimoja.

"Pumua na mimi," Melkiadi alisema, sauti nyembamba kama uzi. "Taratibu."

Miguu ikaanza kupita. Kulia na kushoto kwa lori ilipita mihimili ya kijivu yenye mikunjo, ikitua kwenye vumbi kwa upole usioelezeka, kama mama anayepita kitandani pa mtoto. Ardhi ilitetemeka chini ya migongo yao. Kisha jike moja likasimama. Mkonga ukaingia chini ya lori, ukagusa kopo la mafuta, ukapapasa buti za Melkiadi, ukapanda. Ncha yake, yenye unyevu na harufu ya matope, ilikuja ikatua shavuni kwa Telesphor na kumnusa. Naye alilala akisomwa. Hakuwa askari wa aina yoyote wakati ule. Alikuwa pumzi moja kati ya pumzi tatu. Hofu yake ilikuwa imekua mno hata haikuitwa tena hofu.

Mkonga ukaondoka.

Kundi lilichukua karibu nusu saa kupita.

"Mimi ndiye niliyeuachia mti," alisema Telesphor vumbi lilipotulia.

"Najua. Niliona buti zako zikienda." Melkiadi bado alikuwa amelikumbatia giaboksi. "Nikaziona zikirudi. Sasa waite wenzako wanyanyue, na wewe nisogezee hiyo spana."

Walifika stesheni ya Mpanda jua likizama, mabehewa tayari. Askari walishuka mbiombio. Melkiadi, mbavu zake zimefungwa blanketi, alikuwa analizunguka lori akilikagua. Kesho yake alitakiwa kurudi Sumbawanga kuchukua kundi jingine. Telesphor alimfuata, akanyoosha mkono. Viganja vya fundi vilikuwa vimevimba, havikunjiki, hivyo akampa kifundo cha mkono, palipo safi kidogo.

Telesphor alikishika. Chini ya kidole chake mshipa ulikuwa unapiga polepole, bila pupa.

"Mnakokwenda," Melkiadi aliuliza, "huko nako kuna tembo?"

"Sijui, kaka."

Treni ikapiga honi. Sajenti Evarist alilazimika kumwita Telesphor kwa jina mara mbili kabla hajauachia mkono ule.