Mwanafunzi Namba Moja

Kila siku ya shule, saa moja kasorobo asubuhi, Mama Chaji alichomoa vishikwambi arobaini kwenye nyaya, akavifuta vioo kwa kitambaa kikavu na kuvipanga ndani ya kreti. Chumba cha chaji zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu, na bado kilinuka mbao. Alhamisi moja alimkuta mtoto ameketi sakafuni karibu na soketi, sare yake haina mkunjo hata mmoja, akiota joto la nyaya. Alimuuliza ni mtoto wa nani. Mtoto akajibu kwamba yeye ni namba moja. Kengele ilikuwa imeshalia, kwa hiyo Mama Chaji alimwambia awahi darasani.

Mwalimu wa sayansi alimtambua mara moja. Alikuwa Mwanafunzi wa Mfano, yule ambaye fundi aliyeleta vishikwambi alimwandikisha kwanza ili kuwaonyesha walimu namna ya kuwaandikisha wengine. Fundi aliondoka bila kumfuta, na kumfuta kulihitaji neno la siri ambalo fundi aliondoka nalo. Simu yake haikupatikana. Programu ilikuwa na nafasi arobaini na darasa lilikuwa na watoto arobaini. Mfano alipochukua moja, mtoto wa mwisho kwenye orodha alibaki bila nafasi. Huyo alikuwa mjukuu wa Mama Chaji. Mwalimu alimwambia avute subira, na kwa wiki tatu mtoto alikuwa akivuta subira na kutazama visogo vya wenzake.

Wenzake walikuwa na raha zao. Ndani ya vishikwambi moyo uliwadunda kiganjani, wakaupunguza mwendo kwa kidole. Walichemsha maji bila kuungua. Waliizungusha dunia mpaka machweo yakaangukia upande walioutaka. Watoto waliokuwa wakiumwa tumbo kila siku ya sayansi sasa walifika kabla mlinzi hajafungua geti.

Mfano alipokuja mwenyewe, alihitaji mahali pa kukaa. Akapewa kiti cha mjukuu, kwa kuwa mahudhurio yalisomwa na mashine, na mashine ilimhesabu Mfano. Mjukuu akahamia nje, dirishani. Mfano alijibu kila swali, na kila jibu sahihi lilimwaga nyota ndogo juu ya kichwa chake. Mfagizi alilalamika kwamba zinanasa kwenye ufagio. Akaongezewa ufagio wa pili.

Saa tisa wazazi walikuja kuchukua watoto wao. Mfano alibaki kwenye ngazi, amefifia kiasi kwamba ukimtazama unauona ukuta. Mama Chaji aliona si vizuri kumwacha mtoto wa watu hivi hivi. Akaenda naye nyumbani, akamwonyesha soketi iliyo nyuma ya kabati.

"Mke mwenzangu, tumepata mgeni," alimwambia mjukuu wake.

"Bibi, huyu ndiye aliyekalia kiti changu."

"Ndiye. Msogezee mkeka."

Mjukuu alisogeza. Kisha, kwa kuwa wiki tatu za maswali zilikuwa zimemjaa kifuani, aliuliza yote. Kwa nini moyo hausinzii mwenye nao anapolala. Mwezi umeshikwa na nini usianguke. Mfano alijibu bila kupumua, na nyota zikaanguka ndani ya sufuria. Jioni ya nne mjukuu aliona haya kuuliza peke yake, akamwambia Mfano naye aulize anachotaka kujua.

"Fundi atarudi lini?" Mfano akauliza.

Mama Chaji akamsogeza karibu zaidi na soketi.

Walikubaliana kesho yake wabadilishane. Mfano alisimama dirishani na mjukuu akaketi kwenye kiti. Kishikwambi kiliwaka, kikamtazama usoni, kikaandika kwamba mwanafunzi hatambuliki. Mwalimu alimwomba kwa upole atoke kabla mahudhurio hayajaharibika.

Mama Chaji alivaa gauni lake la ibada akaenda kwa mwalimu mkuu. Huyo alikuwa mtu mwema. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mimi nakuelewa kabisa," alisema. "Lakini huyo ana namba. Wako ana jina tu."

Jioni hiyo Mama Chaji alisali. Alikuwa anasoma darasa la watu wazima, na wiki hiyo walikuwa wamefundishwa barua ya maombi, kwa hiyo alimwomba Mungu kwa mpangilio uleule: tarehe, salamu, ombi kwa sentensi moja, shukrani. Aliomba kiti kimoja. Hakuomba Mfano aondolewe, maana hakujua amwambie aende wapi.

Siku ya kufunga muhula mgeni rasmi alisoma matokeo. Katika sayansi aliyeongoza alikuwa Mfano.

"Mlezi wake asimame," alisema mgeni rasmi.

Hakuna aliyesimama. Mfano aligeuka akazitazama safu za viti, moja baada ya nyingine, kama watoto wanavyofanya. Mama Chaji alitazama dirishani. Mjukuu wake alikuwa ameegemeza kidevu kwenye ukingo, na kwa kichwa akamwashiria bibi yake aende. Mama Chaji akasimama. Watu wakampigia makofi, naye akapita mbele na kupokea hati iliyosema kwamba nafasi ya mwanafunzi namba moja imethibitishwa kwa mwaka ujao.

Njiani mjukuu aliisoma hati kwa sauti bila kukwama, kisha akampa Mfano mkono wa pongezi. Mama Chaji alisikiliza mpaka mwisho, halafu akamwomba arudie polepole, asije akawa ameruka jina lake mwenyewe.

Mjukuu akarudia. Hakuwa ameruka kitu.