Majina Kapu Zima

Nakutegea kitendawili wewe uliyekaa karibu: majina kapu zima, mwitikaji mmoja. Usiharakishe kunipa mji. Sikiliza kwanza habari za dobi na kaka zake wawili.

Dobi alikuwa amechoka, uchovu ule wa kulala na kandambili miguuni. Wiki ya sita hiyo anamuuguza mama yao. Anafua nguo za watu uani, sikio liko chumbani. Mama alikuwa anafifia kama taa inayoishiwa mafuta, na haja yake ilikuwa moja tu: wanawe wa kiume wamwombee pamoja. Kila asubuhi aliuliza, "Nani ataniombea?" Na kila asubuhi swali lilibaki likining'inia kama shati kwenye kamba.

Maana hao kaka, seremala na fundi saa, mwaka wa tisa huu hawajaomba pamoja. Walijifunza Kiebrania kidogo, kiasi cha kugombania. Seremala alishika Elohimu: jina la Mungu lenye umbo la wingi, akasema ndani ya umoja wake mna siri. Fundi saa alishika ehadi, yaani mmoja, basi. Yeye humwita Adonai, Bwana, na hataki kusikia la pili.

"Tuanze na Elohimu," seremala akasema asubuhi moja chumbani kwa mama, kofia mkononi.

"Anza. Amina yangu huipati."

"Saa zako zenyewe hazikubaliani, leo utanifundisha umoja?"

"Afadhali mimi, wewe mwenye vigoda vya miguu mitatu!"

Kitandani mama akajigeuza. "Dada!" akaita.

"Abee," dobi akaitika, akamnywesha maji.

"Nesi!"

"Abee." Akamlaza ubavu wa pili, akamnyooshea shuka.

"Mama!" Mtu mzima yule, analia kama kitoto.

"Abee, mwanangu. Nipo." Akampangusa uso kwa kitambaa chenye maji.

Seremala akashindwa kuvumilia. "We mdogo wangu, mbona unaitikia yote? Hapo hakuna hata moja lililo lako."

Dobi hakugeuka. Hata nguvu ya kukasirika hakuwa nayo. "Mwenye kiu ni yeye, kaka. Nimwache akauke koo mpaka apatie jina? Aite aitavyo, wa kuja ni mimi tu." Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akafumba macho.

Saa iliyokuwa mfukoni mwa fundi ikasikika.

Mama akafumbua macho. "Nani ataniombea?"

Seremala akamtazama dobi pale juu ya ndoo. Fundi saa akapiga goti sakafuni, akamvuta kaka yake kwa mkono wa shati mpaka naye akashuka.

"Sisi, mama," fundi saa akasema.