Gari la Fundi Asilimia

Jumatano, tarehe tisa Julai. Kulikucha na manyunyu membamba, baridi ya kung'ata masikio, na ukungu uliolala barabarani kama mgonjwa asiyetaka kuamshwa. Seremala alikuwa amesimama uani na mwavuli mkononi, lakini hakujikinga nao. Alilikinga gari.

Lilikuwa gari dogo la umeme, jeupe, lenye milango minne. Miwili ya nyuma ilikuwa ya heshima tu, maana mtu mzima aliyepitia hapo alitoka amejikunja kama futi ya mbao ya kukunjwa. Alikuwa nalo tangu mwanzo wa mwaka, na tangu lilipoingia uani jina lake la kuzaliwa lilikufa kifo cha kawaida. Mafundi wenzake karakanani walimpa jingine: Asilimia. Ukimuuliza habari za asubuhi, alikujibu, "Sabini na moja." Ukimuuliza mkewe hajambo, alikujibu kwamba hajambo, na kwamba jana walipoteremka njia ya sokoni gari lilijiongezea asilimia nzima bila kuguswa na waya.

Hakikuwa kiburi, alijiambia. Ilikuwa shukrani. Alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni, magoti yakigonga dawati la mtoto, na kitabu cha kwanza alichokisoma chote, jalada hadi jalada, kidole kikifuata mstari, kilikuwa kitabu cha maelekezo cha gari hilo. Alikisoma kwa sauti kila baada ya sala. Mara mbili mkewe, akiwa anasinzia, aliitikia "Amina" mwishoni mwa ukurasa wa matairi.

Kitabu kilisema: kwa matumizi ya kila siku usichaji kupita asilimia themanini, ili betri idumu. Mstari uliofuata ulisema: kwa safari ndefu, jaza mpaka mia. Huo wa pili aliusoma vizuri kabisa. Ila aliona umeandikwa kwa ajili ya watu wasio na msimamo.

Basi asubuhi hiyo, mbele ya safari ndefu kuliko zote alizowahi kwenda na gari lake, kioo kilichokuwa nyuma ya usukani kilionyesha themanini. Aliitazama namba hiyo akaridhika kama mtu aliyefunga kutwa bila kuonja maji.

Dada yake mkubwa alitoka ndani akipapasa ukuta. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika kabisa jicho lake la kushoto, na la kulia lilikuwa limebakiwa na mwanga wa dirisha lenye pazia zito. Huyu ndiye aliyepika kwenye masufuria ya shule maisha yake yote bila kuunguza, na sasa alitia chumvi kwenye chai akainywa kimya ili watu wasijue. Mara mbili alipangiwa upasuaji. Mara ya kwanza alisema ameota vibaya, mara ya pili alijificha kwa jirani. Safari hii alikubali, lakini kwa sharti.

"Anipeleke mdogo wangu mwenyewe," alisema mbele ya familia. "Na nikipata sababu moja tu ya kurudi, narudi. Baada ya hapo msinitajie hospitali tena mpaka nizikwe."

Hospitali ya macho ilikuwa mji wa pili, ng'ambo ya vilima. Majina yangeanza kuitwa saa nne.

Mke wa seremala alimfuata wifi yake hadi mlangoni mwa gari. "Wifi, shika blanketi hili. Na chai hii hapa."

"Blanketi la nini, si tunapanda gari?"

Mke alimtupia mumewe jicho. "Mwenyewe utajua, wifi."

Waliondoka kimya. Ndiyo sifa ya gari la umeme, huondoka kama mgeni asiyeaga. Kwenye kona ya kwanza muuza maziwa alikuwa anasukuma baiskeli katikati ya njia, amewapa mgongo, wala hakusikia kitu. Seremala alishusha kioo upana wa kidole akasema kwa adabu, "Jamani, tunapita."

Muuza maziwa aliruka na madumu yake. "Mzee! Unanijia kama mwizi? Honi umeiuza?"

"Hata honi inakula umeme?" aliuliza dada.

"Kidogo."

"Mungu wangu."

Baada ya muda pumzi za wote wawili zilipanda kwenye vioo, na barabara ikaanza kupotea. Dada alijivuta ndani ya blanketi. "Washa hiyo hita basi, baba."

"Hita inakula sana, dada. Inakula kuliko kupanda mlima."

"Inakula nini hasa?"

"Asilimia."

"Na mimi ninayeliwa na baridi, nimeandikwa wapi kwenye hicho kitabu chako?"

Seremala alikuwa haoni tena. Kioo cha mbele kilikuwa kimefumba kabisa. "Dada, nifutie kidogo hapa mbele."

Dada alivua mtandio akapapasa kioo. "Hapa?"

"Juu zaidi. Kulia. Kulia ni huku."

Asiyeona akamfutia kioo anayeona, na gari likaenda mwendo wa harusi. Kicheko kilimtoka dada ghafla. "Humu ndani kuna macho manne, mdogo wangu, na barabara haionwi hata na moja!"

Naye seremala alicheka, ingawa alijiona wazi kwa dakika ile: mwanamume mzima, fundi wa madirisha na milango ya watu, ameshindwa kuona kupitia dirisha lake mwenyewe kwa ubahili wa joto. Aliapa moyoni kwamba akifika karakanani hatamsimulia mtu. Lakini hita hakuiwasha.

Vilima vikaanza. Manyunyu yakawa mvua. Waipa aliziwasha kwa zamu, zikafuta mara moja zikapumzika, kama mtu anayekonyeza. Namba nayo ikashuka. Kule nyumbani ilishuka kistaarabu, moja baada ya nyingine; kwenye mlima ilishuka kama gunia lililotoboka. Hesabu ya umbali iliyokuwa kitabuni ilikuwa ya njia tambarare na siku ya jua, na seremala alilikumbuka hilo walipokuwa wamevuka nusu ya mlima. Walipofika kileleni ilikuwa imebaki kumi na moja.

Alisimamisha gari pembeni ya kituo cha mafuta. Pampu mbili zilikuwa zinalowa, na hakuna hata moja ambayo ingemsaidia. Nyuma yao kulikuwa na mteremko hadi nyumbani, kwenye waya wake wa kuchajia. Mbele kulikuwa na mteremko pia, lakini chini yake palikuwa na tambarare ndefu asiyoijua, kisha hospitali.

Akafanya alichofanya siku zote akikwama. Aliinamisha kichwa kwenye usukani akaomba kwa sauti.

"Ee Mwenyezi Mungu, wewe uliyeumba radi na umeme wake, usiliache gari hili likafia njiani. Usiruhusu livutwe kwa kamba mbele za watu. Mafundi wenzangu wakiniona, uso huu nitauficha wapi? Ilinde betri yake, idumu. Yalinde matairi yake. Amina."

Zamani, katika gari la kazi la dizeli, aliomba alichotaka na injini ikamfunika. Hata abiria wa kiti cha pembeni hakuambulia neno. Gari hili halikuwa na siri. Baada ya amina yake palikuwa kimya hata matone ya mvua yakahesabika juu ya bati.

"Umemaliza?" aliuliza dada.

"Nimemaliza."

"Betri umeiombea. Matairi umeyaombea. Mimi nimetulia hapa nasubiri zamu yangu, nashangaa umeshafika amina."

Seremala alibaki ameshika usukani. Masikio yaliyokuwa baridi tangu asubuhi yalimwaka moto. Miaka yote alikuwa anajiona mtu wa sala, na sasa sala yenyewe ilikuwa imekaa katikati yao, ndogo, nyeupe, ina matairi manne.

"Basi turudi," alisema dada, na sauti yake ilikuwa nyepesi kama ya mtoto aliyesikia shule imefungwa. "Nitawaambia gari la mdogo wangu liliishiwa. Nani atanilaumu? Umeme ni umeme."

Hapo ndipo seremala aligeuka akamtazama vizuri. Dada alikuwa ameshaanza kujifunga blanketi vizuri, kama mtu anayerudi nyumbani. Alikuwa anatafuta sababu moja tu, na sababu ilikuwa imepatikana. Nani aliyeitengeneza? Yeye mwenyewe, fundi. Ameikata, ameichonga, ameipiga msasa, amemletea dada yake mpaka kwenye kiti.

"Tukirudi leo," alisema polepole, "mwaka kesho itakuwaje?"

"Mwaka kesho nitakuwa nimezoea. Giza si kali sana, mdogo wangu. Ukilizoea lina upole wake."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama anavyosema mtu kwamba mvua itakatika. Seremala alinyoosha mkono akawasha hita, mpaka mwisho. Kumi na moja ikawa kumi papo hapo. Ilimuuma kama jino, akakiri ilimuuma, kisha akatia gari barabarani kuelekea upande wa hospitali.

"Unakwenda wapi? Na likizimika?"

"Likizimika tutatembea. Ukichoka nitakubeba."

"Wewe unibebe! Na mgongo huo unaolia kwa kusukuma randa?"

"Ee Mungu," aliomba, safari hii macho wazi kwa sababu alikuwa anaendesha, "shika jicho la dada yangu. Mwondolee hofu. Hili gari lifanye utakavyo."

"Amina," alijibu dada, kwa sauti ya mtu aliyepewa haki yake.

Vioo vilifunguka. Mteremko ulikuwa mrefu, na kila alipoachia pedeli gari lilijizuia lenyewe likairudishia betri chochote kidogo. Seremala aliona, akafunga mdomo. Dada alikuwa ameshusha blanketi hadi magotini.

"Zimeongezeka, eti?"

"Zipi?"

"Usinifanye mtoto. Umeshusha pumzi."

"Mbili," alikiri.

Kwenye tambarare zile mbili zilikwenda na wenzao. Taa yenye picha ya kobe iliwaka, maana yake gari limeamua kujitunza, na haidhuru ukanyage vipi, halikimbii. Kitu kilipita pembeni yao kikipiga kengele.

"Nani ametupita?" aliuliza dada.

"Baiskeli."

"Yenyewe tupu?"

"Imebeba godoro."

Dada alicheka mpaka akashika mbavu, na machozi yakamtoka katika macho yale mawili yasiyomsaidia kitu kingine. Alicheka mpaka lango la hospitali likaonekana. Hapo, kwenye tuta la mwisho, matairi ya mbele yalipanda, ya nyuma yakakataa, na gari likalala usingizi bila hata kukohoa.

Mlinzi alitoka kibandani na koti la mvua. "Mzee, hapa haturuhusu kuegesha."

"Sijaegesha. Limejiegesha lenyewe."

"Limeishiwa mafuta?"

"Halitumii mafuta."

"Ndiyo maana," alisema mlinzi, akaanza kukunja mikono ya koti ili asukume.

Seremala alimwachia ufunguo. Yeye, ambaye hakuruhusu mtu ale karanga ndani ya gari lile, aliliacha mikononi mwa mtu asiyemjua, katikati ya lango, kwenye mvua, akamshika dada yake mkono wakavuka uwanja haraka kadiri miguu yao ilivyoweza. Aligeuka nyuma mara moja tu. Sawa, mara mbili.

Muuguzi alikuwa mlangoni mwa wodi, ameshaita jina la dada na anataka kuita la mwingine. "Ndiye huyu!" seremala alipiga kelele. "Amefika! Ndiye huyu!"

"Karibu, mama," alisema muuguzi, akamshika mkono kwa upole. "Twende ndani tukuandae."

Dada alisimama kizingitini kama kigingi. Mlinzi alikuwa amewafuata na blanketi walilolisahau, akabaki nyuma yao, maji yakimchuruzika.

"Dada," alisema seremala. "Tumeshafika. Usinifanyie hivyo."

"Nitaingia. Lakini kwanza uniahidi, na si moyoni. Kwa sauti, watu wasikie. Muuguzi, naomba usikilize. Na wewe mwenye koti linalonuka mvua, usiondoke."

"Nikuahidi nini?"

"Unajua."

Seremala alivua kofia. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walinyamaza wakamtazama, naye aliwaona wote, uso hadi uso, akajua habari hizi zitafika karakanani kabla yake. Alikohoa.

"Mbele ya muuguzi huyu, na mlinzi huyu aliyenisukumia gari, na mbele za Mungu aliyetufikisha: siku utakayofunguliwa bandeji nitakuja mwenyewe kukuchukua. Nitakuwa nimejaza mpaka mia. Hita nitaiwasha hapa, na sitaizima mpaka mlangoni kwako, na honi nitapiga. Na njia nzima sitataja asilimia. Nikiitaja hata mara moja, nishushe nisukume, na usukani ushike wewe, dada, maana utakuwa unaona."