Ndugu wa Kubebwa

Chuo kile kilikuwa na wanafunzi elfu arobaini na vitanda elfu sita. Hesabu hiyo usiniulize mimi, waulize wakubwa. Asiye na kitanda alibebwa, yaani alilala kwa mwenzake kwa kificho, mzungu wa nne, miguu ya huyu puani kwa yule. Mkikamatwa, mbebaji na mbebwa wote nje, na mitihani mtaisikia kwa wenzenu.

Wakili alikuwa mbebaji. Jina hilo walimpa kwa sababu alisoma sheria mwaka wa mwisho na mdomo wake haukuwa na breki. Alimbeba mdogo wake, mtoto wa mama mdogo, aliyeanza mwaka wa kwanza juzi tu na hata kitambulisho hakijatoka. Mama mdogo huyo ndiye aliyemlea Wakili toka ananyonya. Siku ya kumleta mwanawe alisema tu, "Nimekukabidhi," akaondoka.

Mchana mmoja, zikiwa zimebaki wiki tatu mitihani ianze, Wakili alimtuma mdogo wake apeleke laptopu yake kwa fundi, maana kioo kilikuwa kinazimazima na tasnifu yake yote imo humo ndani. Alimwambia apite mlango wa nyuma. Akamwonya kwamba akiulizwa, asitaje chumba wala mtu, hata iweje. Mtoto akaitika, "Sawa, kaka." Wakili akarudi kwenye beseni lake la nguo.

Basi wiki hiyo hiyo laptopu tatu zilikuwa zimeibwa bwenini, na watu roho juu. Hazikupita dakika tano, Wakili akasikia ukelele wa "Mwizi!" Akashuka ngazi mbiombio, mikono ina povu.

Uwanja wa kuanikia nguo ulikuwa umejaa. Mdogo wake alikuwa chini, shati limechanika, sikio linachuruzika damu. Walimuuliza yuko chumba gani, kimya. Wakamuuliza laptopu ni ya nani, kimya. Kila kimya kililipwa kwa mkanda au teke. Na chuo chenyewe ndicho hiki ambacho hata tangazo la chooni ni la Kiingereza, ukimwamkia mhadhiri kwa Kiswahili anakukazia macho! Siku hiyo Kiingereza chote kiliwatoka. Walitukana kwa lugha za mama zao.

Neno moja tu lingetosha. Wakili alilijua, lilikuwa ulimini. Lakini akaziona wiki tatu zile, akaiona miaka minne inakwenda na maji, akaogopa. Ndiyo, aliogopa, hakuna jina jingine la kulipamba.

Jirani yake wa chumba akamtia mpini wa dekio mkononi. "Wakili, na wewe weka sahihi."

Watu wakacheka. Wakili akapiga begani, polepole, wakamzomea kwamba anapapasa. Akapiga tena, na safari hii mpini ukatua usoni na pua ikavunjika. Mdogo wake akafumbua jicho moja, akamwona.

"Unamjua huyu?" mtu akamuuliza.

"Simjui," mtoto akasema.

Hapo ndipo Wakili alipoona mtu wa nyuma ameinua tofali. Akatupa mpini, akapiga kelele kwamba huyo ni ndugu yake, mtoto wa mama mdogo, na laptopu ni yake yeye mwenyewe. Wakadhani ni vile vichekesho vyake.

"Ndugu gani unampasua pua?" jirani akasema.

Wakili akajirusha, lakini tofali lilikuwa limeshashuka kichwani kwa mtoto. Akaiokota laptopu, akabonyeza neno la siri kwa vidole vinavyoteleza kwa damu, akawainulia kioo. Picha yake ilikuwa pale, na jina lake juu ya tasnifu. Ghafla watu wale wote wakakumbuka vipindi. Ndani ya dakika mbili uwanja ulibaki na nguo zilizoanikwa, na Wakili amepiga magoti, anamwita mdogo wake na mdogo wake haitiki.

Askari wa chuo alifika na daftari. Akainama, akagusa shingo, kisha akavua kofia.

"Nani ndugu wa marehemu?"

"Mimi."

"Na nani alimpiga?"

Dirishani juu jirani alikuwa anamtikisia Wakili kichwa, anyamaze.

"Mimi."

Askari akamshika bega. Akampa pole, akamwambia uchungu unamsemesha, yeye ameona mengi katika kazi hii, ajikaze kiume. "Nakuuliza aliyempiga, kijana wangu."

"Ndiyo nimekujibu, afande."